Nilivyomfuata Mtoto wa Mwisho Kisangani

Mwaka ninaousema ni ule tuliokula loshoro, yale makande yetu ya maziwa, bila maziwa. Ng'ombe wa kijiji chetu cha Akheri walikauka kama mifereji yenyewe, ndizi tukazikata zikiwa changa kama vidole vya mtoto, na aliyebahatika kupata maharage aliyapika mlango umefungwa. Watu wakiwa na njaa huiangalia ardhi kwa jicho jingine. Ndipo mwanangu wa kwanza, Anaeli, anayekaa mjini Themi, alipoanza kuja kwangu kila Jumapili na rafiki yake mwenye viatu vyeupe, wakawa wanazunguka kwenye migomba yangu wakinyooshea vidole.

Nikamwuliza, "Mnatafuta nini humo, kuku?"

"Tunaangalia tu, mama."

"Na huyu viatu vyeupe naye anaangalia? Atavichafua."

Basi akasema: shamba hili ligawanywe. Wenzangu Wameru mnajua, lakini wajukuu zenu wa mjini hawajui, kwa hiyo nitaeleza. Kwa mila yetu wakubwa wakioa wanapewa vihamba vyao, yaani mashamba yao ya migomba, na kuondoka. Nyumba ya wazazi, na migomba inayoizunguka, ni ya mtoto wa mwisho wa kiume, na yeye ndiye anayebaki na mama. Mtoto wangu wa mwisho ni Elisante, na Elisante yuko Kongo, mji unaoitwa Kisangani, anatengeneza mashine za maboti. Ameoa hukohuko. Baba yake alipofariki alikuja kuzika, akarudi. Anaeli akaona kihamba hakina mwenyewe, na watu wa mjini wanatafuta viwanja. Wazee wa ukoo wakaja kukaa kwangu, wakala kuku wangu wawili, wakatoa neno: Elisante aje aseme kabla ya mvua za vuli. Asiposema, kigawanywe.

Nikampigia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama, njoo wewe kwanza. Hiyo mila ninaijua, nimeshajipanga. Natuma tiketi."

Nikaelewa kwamba amejipanga kurudi, na ananiita nikawachukue yeye na mke na watoto kwa heshima, kama inavyotakiwa. Nikaelewa hivyo kwa moyo wote. Kwa nini niliona raha kiasi kile, nitajijibu siku nyingine. Nawaandikia haya kwa sababu kila ibada ikiisha mnanizunguka, "Mama Anaeli, hebu tuambie Kongo," na nimechoka kusimulia nikiwa nimesimama juani. Darasa la nne langu linatosha kwa kazi hii.

Asubuhi ya kuondoka, Akheri. Nilifunga gunia lenye mche wa mgomba, mshare safi wa ndizi za mtori, nikaulowesha mizizi na kuuzungushia majani. Ulikuwa wa wakwe wa Elisante. Huwezi kumhamisha binti wa watu ukawaachia mikono mitupu. Majirani wakanisindikiza hadi barabarani wakiimba pambio, nami nikajiona kama askofu.

Uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Binti wa pale kwenye mashine akalifungua gunia.

"Bibi, shikamoo. Hiki nini?"

"Marahaba. Ni mgomba."

"Haupiti, bibi."

"Wewe umekulia nini, mkate?"

"Nimekulia ndizi, bibi, nyumbani ni Marangu. Lakini haupiti."

Nikamwangalia, Mchagga mzima, ananizuilia mgomba. Akaniomba radhi kwa adabu sana, na adabu yake ikaniudhi zaidi, maana sikupata pa kumtukania. Mche ukarudi Akheri na kijana aliyenileta. Nikapanda ndege mikono mitupu, na nikawa nimeshakasirika kabla hatujaacha ardhi.

Nairobi tulibadilisha ndege. Sina la kusema juu ya Nairobi. Nilikaa kwenye kiti kigumu, nikala mkate wenye jani ndani.

Kinshasa, jioni. Elisante alinipokea. Amenenepa. Amevaa shati lenye maua ambalo baba yake asingemwacha alivae hata kumwogeshea ng'ombe. Alinikumbatia mbele za watu, akalia, nami nikalia, kisha nikamwambia apunguze kula. Tulilala kwa rafiki yake. Mji ule una kelele kana kwamba kila mtu amegombana na kila mtu, lakini ukiangalia wanacheka. Asubuhi tukapanda ndege ya tatu.

Juu ya msitu. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kuwa nimekwenda mbali. Kutoka dirishani niliona kijani tu. Nilisubiri shamba. Nikasubiri paa la bati, ng'ombe, moshi wa mtu anayechoma mabua. Hakuna. Miti, miti, halafu mto unajikunja humo kama utumbo wa ng'ombe, halafu miti tena.

"Hii ni ya nani?" nikamwuliza Elisante.

"Ni msitu, mama. Siyo ya mtu."

Kwetu ndugu wawili wanapelekana baraza la kata kwa mchongoma mmoja wa mpakani. Nikafunga pazia la dirisha.

Kisangani, mchana. Mlango wa ndege ulipofunguliwa nilidhani nimesimama juu ya sufuria linalochemka. Hewa ya kule ina maji ndani yake; unaivuta na inakushinda. Tulipanda pikipiki, mimi na miaka yangu, kitenge kimekazwa, begi kati yangu na dereva, Elisante kwenye pikipiki nyingine nyuma yangu akipiga kelele, "Mshike, mama!" Nimshike nani, mwanamume nisiyemjua? Nikashika begi.

Mji ni mkubwa, jamani, msidhani ni kijiji cha porini. Una barabara pana walizochora Wabelgiji, una chuo kikuu, una kanisa kubwa jekundu karibu na mto, una nyumba za ghorofa za zamani zenye ukungu mweusi na miti imeota ukutani, inachungulia kama imepanga chumba. Barabara nyingine ni lami mpya, unateleza kama uko Njiro kwetu mjini, halafu ghafla lami inakatika na unaingia kwenye shimo lenye bata. Naapa, bata wanaogelea.

"Mji unakua, mama," Elisante akasema tulipofika, anafuta tope usoni.

"Nimeona. Umekua mpaka bata wamepata bwawa."

Mkwe wangu anaitwa Beatrisi. Mrefu, mweusi wa kung'aa, ana sauti ya chini na mikono yenye kazi. Alipiga magoti nusu, akanipokea begi. "Mama, karibu. Unachoka? Ikala hapa." Kiswahili chao wanakipinda, lakini kinaeleweka. Nikaikala. Watoto wawili, Trezo na Naomi, wakaja mbio: "Jambo, Koko!"

"Koko nani?"

Elisante akacheka. "Koko ni bibi, mama. Kilingala."

"Kwetu koko ni mbwa asiye na kwao. Mimi nina kwetu. Semeni shikamoo."

Wakafundishwa palepale. Kufikia jioni walikuwa wameshaipeleka shikamoo kwa majirani wote, kwa mwuza mikate, na kwa mbuzi. Mbuzi hakuitika, Trezo akaja kunishtakia.

Siku zilizofuata, mjini. Nitawaambia kilichoniudhi kuliko vyote, na msicheke. Mto wa pale, huo mto Kongo, ni maji yasiyo na haya. Ukisimama ukingoni, mtu wa ng'ambo ni kama siafu. Unapita hapo mchana na usiku, kahawia, mzito, umebeba magogo na visiwa vya majani. Na mvua! Mvua ya kule haibembelezwi kwa maombi; inamwagwa tu kama maji ya kuoshea vyombo. Na katikati ya maji yote hayo, asubuhi namwona Beatrisi anamlipa mtu mwenye baiskeli iliyofungwa madumu ya njano.

"Hiyo nini?"

"Ni maji, mama. Bomba inatoka siku moja moja."

"Mnanunua maji?"

"Eeh."

"Hapa?"

"Mama, ile ya mto ukikunywa utagonjwa."

Nikakaa chini. Mungu anisamehe, nilimkasirikia yeye mwenyewe. Akheri watu wamekula ndizi changa kwa sababu ya mfereji mkavu, na huku ameyamwaga yote mahali ambapo hayanyweki. Umeme nao vilevile: wana bwawa lao la umeme palepale mjini, mto mwingine unaanguka unanguruma, na nyumbani kwa Elisante tunakula kwa tochi. Nikamwuliza umeme unakwenda wapi. Akasema mitambo ni mizee, wanaitengeneza moja baada ya nyingine. Nikamwambia wewe si fundi, nenda kawasaidie.

Alinipeleka kuona maporomoko ambako wavuvi wamesimamisha magogo kwenye mawe katikati ya maji yanayochemka, wakaning'iniza matenga marefu ya kuingiza mtu mzima. Mto unajivulia wenyewe. Wao wanapanda juu ya yale magogo kama ngedere kwenda kutoa samaki. Hilo nililiheshimu, nasema kweli. Mtu anayesimama pale hajalala kazini. Lakini yule samaki waliyenipikia mimi alikuwa na masharubu, na sisi watu wa mlimani hatujazoea kula kitu chenye masharubu. Nilikula ugali na sombe, kisamvu chao, nikamwachia Elisante.

Aliniongoza bandarini pia. Maboti ya mbao marefu kama ghala, yamejaa mchele, mafuta ya mawese, nguruwe, vitanda, watu juu ya vitanda. Malori yenye gogo moja moja, kwa sababu gogo moja ndilo lori zima. Mti kama ule kwetu ungekuwa na jina, na kesi mahakamani. Kila hatua watu wanamwita: "Fundi Sante! Fundi Sante!" Anainama kwenye mashine ya mtu, anaigonga mara mbili kwa spana, anasikiliza kama daktari, anasema neno, wanacheka. Nilimwona mwanangu akiwa mtu kati ya watu. Nikasema moyoni, atakuja kufanya nini Akheri, kutengeneza mashine za boti kwenye mfereji? Wazo hilo nililifukuza. Sikuwa nimesafiri ndege tatu kwa ajili ya kupata wazo kama hilo.

Jumapili baada ya misa. Wao ni Wakatoliki. Nilikwenda, nikaimba nilipoweza. Nilikuwa nimeshaanza kumwuliza Beatrisi atafunga vyombo gani na atagawa vipi, naye ananiangalia kama nazungumza Kimeru. Tuliporudi, Elisante akaniambia, "Mama, njoo nikuonyeshe. Nilisubiri rangi ikauke."

Nyuma ya nyumba yao, upande wa mto, amejenga chumba. Matofali, bati jipya, sakafu ya vigae vya bluu, kitanda chenye chandarua. Jiko dogo pembeni, lenye mafiga matatu, siyo jiko la mkaa, mafiga, kama yangu. Na mbele ya mlango, kwenye matairi ya lori yaliyojazwa udongo, migomba mitatu.

Nilisimama mlangoni. "Hiki cha nani?"

"Chako, mama."

"Cha kulala mpaka tuondoke?"

"Tuondoke kwenda wapi?"

Hapo ndipo tulipoangaliana, mimi na yeye. Nadhani Beatrisi alielewa kabla yetu, kwa sababu aliwakusanya watoto akawapeleka mbele.

"Elisante. Si ulisema umeshajipanga?"

"Ndiyo, mama, na si ndiyo hii? Mtoto wa mwisho anabaki na mama. Nimejenga mwaka mzima. Kila tofali nilikuwa nasema, hapa mama atakaa."

"Mtoto wa mwisho anabaki na mama *nyumbani*!"

"Nyumbani ni pale mama alipo. Baba ndiye alisema hivyo."

"Baba yako alisema akiwa amekaa Akheri, chini ya bati la Akheri! Angejua utakuja kuitafsiri ukiwa ukingoni mwa mto wa watu, angenyamaza!"

Nilipiga kelele, sikatai. Majirani walisikia na wakajua ni mama anagombana na mtoto, maana hilo halihitaji Kilingala. Nilimwambia migomba yake ile ni ya ndizi za kukaanga, ukiipikia mtori haivunjiki hata uichemshe mpaka kiama, nilijaribu juzi kwa zile za sokoni. Akasema ataleta mshare. Nikamwambia mshare umezuiliwa Kilimanjaro. Akasema ukuta ataupaka rangi nyingine. Kana kwamba shida yangu ni rangi.

Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiangalia matairi yake, "Mama, mimi siwezi kurudi. Watoto wamezaliwa hapa. Kazi yangu iko majini. Usiku nikisikia mvua inapiga bati nakuona uko peke yako kule na mafiga yako, silali. Mwache Anaeli agawe. Sehemu yangu iuzwe, nimalize boti langu. Wewe uje hapa upumzike."

Upumzike! Neno hilo, wenzangu. Wanangu wawili, mmoja Themi, mmoja Kisangani, hawajasemezana mwaka mzima, lakini katika jambo hili wanakubaliana kama mapacha. Mmoja anataka kihamba kwa sababu mwenyewe hayupo. Mwingine anakiachia kwa sababu hayupo. Wote wameshika mila, mmoja kichwani, mmoja mkiani, wanavuta. Na ng'ombe anayevutwa ni mimi. Tangu baba yao afe hakuna aliyeuliza ile nyumba usiku huu nani amelala ndani. Na mimi mwenyewe, mjinga wa wajinga, nilikuwa nikiilinda kama mlinzi wa duka la mtu mwingine. Nimekwenda hadi katikati ya msitu kumtafuta mwenye nyumba.

Nikakaa kwenye kitanda chake kipya. Godoro zuri, nisimseme vibaya. Nikamwambia:

"Sihami, sigawi, siuzi. Mwenye nyumba bado anapika."

Alitoka nje. Beatrisi aliniletea chai, akakaa sakafuni kwenye vigae vya bluu, akasema, "Mama, mimi pia mama yangu iko kijijini, upande ya Isangi. Sante alimwambia aje akae mjini. Alikatala." Akacheka kidogo. "Alisema samaki ya mjini haina akili." Nikacheka na mimi, kwa hasira bado. Yule binti ni mtu. Nililala chumba kile siku zote zilizobaki, nikapika kwenye mafiga yale, kwa sababu yalijengwa kwa mapenzi na mapenzi hayatupwi kwa kuwa yamekosea njia. Trezo na Naomi walikuja kila asubuhi kunipa shikamoo kabla sijafungua macho.

Kurudi. Elisante alinipeleka uwanjani. Niliposhika begi akasema, "Mama, wazee wakikuuliza nimesemaje?"

"Nakuuliza wewe. Umesemaje?"

Akafikiri sana, kidevu kinatikisika kama alipokuwa mdogo. "Waambie nitasema siku ambayo mama hayupo. Kabla ya siku hiyo sina neno."

Nikamshika masikio yote mawili kama mtoto anayerudishwa nyumbani, ila sikumvuta. Nikamwambia achunge mafuta ya mawese, na amlete Trezo akaone mlima.

Akheri, baada ya kufika. Sikupewa hata siku ya kuoga vizuri. Wazee wameshakaa uani, shemeji yangu Mzee Ndekirwa katikati na fimbo yake, Anaeli pembeni, na yule viatu vyeupe amesimama nyuma ya Anaeli kama kivuli kilicholipwa. Mwaka ule kuku walikuwa wamekwisha, kwa hiyo nilikuwa nimebandika mtori wa ndizi zilezile changa, na nilikuwa nausonga wakati wanaongea, maana mtori haungoji kikao.

"Shemeji," Mzee Ndekirwa akasema, "Elisante anarudi?"

"Harudi."

Anaeli akashusha pumzi. Viatu vyeupe akatabasamu, nikamwona.

"Basi mama," Anaeli akasema, "pole sana. Umejitahidi. Tuyamalize kwa amani. Wewe utakuja kukaa kwangu Themi, chumba kipo, upumzike."

Nikamwambia chumba kingine kipo Kisangani, kina vigae vya bluu, naye cha kwake kina nini? Mzee mmoja akakohoa, ila kilikuwa kicheko.

Mzee Ndekirwa akainua fimbo. "Elisante ametuma neno gani?"

"Amesema atasema siku ambayo mama yake hayupo. Kabla ya siku hiyo hana neno."

Wakaangaliana. Walikuja na sikio la kumsikia mtoto wa mwisho, na mtoto wa mwisho amekataa kuongea nikiwa hai. Mzee Ndekirwa akachora chini kwa fimbo, akafuta kwa mguu. "Sasa shemeji, tukiandika katika vichwa vyetu, tuseme mwenye nyumba hii leo ni nani?"

Miaka yote ya ndoa yangu hakuna kikao kilichowahi kuniuliza kitu zaidi ya kama chai iko tayari. Nikasimama, mwiko mkononi, mtori unadondoka miguuni, nikamjibu.

Anaeli akaruka. "Mama, umesemaje? Wazee wengine hawasikii vizuri."

Walikuwa wamesikia. Hata viatu vyeupe alikuwa amesikia, maana alishaanza kutafuta njia kati ya migomba. Lakini nikarudia, taratibu, neno kwa neno, kama nilivyomwambia mdogo wake:

"Sihami, sigawi, siuzi. Mwenye nyumba bado anapika."